Kilima Kimoja, Miezi Saba

Ukikaa barazani kwa ofisi ya kijiji chetu, kilima chetu utakiona kama vilima viwili. Kichwa kimoja kushoto, kingine kulia, na katikati pamebonyea kama mgongo wa punda aliyebebeshwa sana. Ukija upande wetu, huku nyuma, unaona kilima kimoja tu, kipana, cha mawe makubwa yaliyolala kama ng'ombe wanaocheua. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba pale palipobonyea si bonde. Ni bamba la jiwe, unalivuka kwa hatua ishirini, na pembeni yake kuna chemchemi isiyokauka hata Oktoba. Wanasema wapagazi wa zamani, wakitoka Tabora kwenda upande wa ziwa, walikuwa wanaacha njia na kupanda kunywa hapo. Mimi naamini, kwa sababu napenda kuamini mambo ya namna hiyo. Kichwani mwangu nimeshajenga hapo juu nyumba ya wageni ya vyumba sita, yenye mapazia ya njano.

Lakini leo siandiki habari za mapazia. Naandika jinsi nilivyolipa kisasi. Nimetafuta neno la upole zaidi, sikulipata, na shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo nalitumia hilo hilo.

Bibi yangu ana ngitili kwenye kichwa cha kushoto. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuingia mpaka kiangazi kikali, majani ya kwingine yakiisha, ndipo unafungulia ndama na majike waliozeeka. Babu aliitunza, na baba yake babu kabla yake. Anayeingiza ng'ombe wakati imefungwa anatozwa faini na kijiji kizima, hata awe nani.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani. Ni mtu wa tambarare, mnene, mwenye sauti nzuri ya mikutano, na tangu achaguliwe hakuwahi kupanda kilima hata siku moja. Alikitawala akiwa kwenye kiti cha plastiki. Wataalamu wa ardhi walipokuja kutoka wilayani kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji, waliketi naye barazani, wakala kuku wake, na yeye akanyoosha mkono. Kilima cha kwanza kiwe malisho ya wote, akasema. Kilima cha pili kiwe ngitili. Mpaka upite kwenye korongo lililo kati ya vilima hivyo. Wakaandika. Kilima cha kwanza ndicho kile kichwa cha kushoto, chenye majani ya Bibi. Cha pili ni kichwa cha kulia, ambacho ni jiwe tupu, hata mjusi anapita hapo kwa haraka.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji Bibi alisimama. Alisema sentensi moja tu: "Mwenyekiti, unagawa kilima usichokijua."

Watu walicheka. Nadhani ni kile kicheko kilichomuuma mwenyekiti zaidi. Aliwaita wazee wa ulinzi wa jadi, akasema serikali imetukanwa, na Bibi akatengwa.

Kwetu kutengwa si maneno. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Haombwi moto wala hapewi. Akifika kisimani wengine wanaondoka na ndoo zilizojaa nusu. Hakuna wa kumsaidia kulima, hakuna wa kumpa pole akiugua, na atakayemsalimia anarithi adhabu yake. Ni watu wa nyumba yake pekee wanaoruhusiwa kusema naye, na Bibi nyumbani alikuwa peke yake. Angetoka kwenye adhabu kwa kuleta fahali mmoja na kuomba radhi hadharani. Fahali alikuwa naye. Radhi, alisema, hana.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini Tabora, nimepanga chumba Ipuli na nauza vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja mpole aliyeniita binti yangu. Habari ilinifikia kupitia dereva wa lori la tumbaku, miezi minne baadaye. Niliomba ruhusa siku hiyo hiyo. Tajiri wangu akanifungia kipande cha khanga, akasema nimpelekee Bibi na nimwambie shikamoo yake. Nilipanda gari la Nzega huku nikijiambia kwamba hiyo itakuwa salamu ya kwanza Bibi kuipata tangu watu walipokuwa wanamwagilia vitalu vya tumbaku.

Nilimkuta anapepeta mahindi uani. Bibi yangu ni mtu wa utani, tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenzangu na kunidai zamu ya kumpikia babu, hata babu alipokwisha kufa. Siku hiyo aliniangalia tu. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, na mdomo wake ukatikisika kabla ya kujibu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kisha akaniambia kuna michembe ya viazi kwenye sufuria, nile.

Basi hapo ndipo nilipoanza kumchukia mwenyekiti. Mimi si mtu wa chuki. Nikiona mbuzi anachechemea nalia. Lakini yule nilimchukia kwa moyo mweupe, kwa furaha kabisa, kama mtu anayepanga harusi. Asubuhi nikichota maji nilimwona akilini akianguka kwenye matope. Jioni nilimkalisha juu ya siafu. Jirani yetu, mwanamke aliyetwanga na Bibi kwenye kinu kimoja miaka na miaka, alipokuwa akigeuza uso njiani, sikumchukia yeye. Deni lake nilimwandikia mwenyekiti, mara mbili.

Mpango wa ardhi ukarudi na mhuri wa wilaya. Mtendaji wa kijiji, kijana wa mjini aliyeletwa kwetu na pikipiki yake na woga wake, aliubandika ukutani ofisini. Alikuwa mwaminifu lakini alimwogopa mwenyekiti. Nilimwomba ninakili maneno ya mpaka. Akasema ni haki ya kila mwanakijiji kuyasoma, akatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Nyumbani nikamsomea Bibi. Kilima cha kwanza, kilima cha pili, na mpaka ni korongo la maji ya msimu lililo kati ya vilima hivyo.

Bibi akaacha kupepeta.

"Korongo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mke mwenzangu, pale juu hakuna korongo. Korongo ninalolijua mimi liko mlangoni kwa zizi lake."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Nikamwelewa polepole, maana mimi si mwepesi wa ramani. Nyumba ya mwenyekiti iko juu ya kimwinuko kidogo, magharibi ya kilima chetu, na kati ya kimwinuko hicho na kilima chetu ndipo lilipo korongo pekee la eneo lote. Ukiufuata ule mhuri neno kwa neno, kilima cha kwanza ni pale anapolala yeye. Kilima cha pili ni chetu chote, vichwa vyote viwili. Na ng'ombe wake walikuwa wameshavuka korongo tangu mvua za kwanza, wako kwenye majani ya Bibi, na sasa kwa karatasi yake mwenyewe wako ndani ya ngitili iliyofungwa.

Kilichobaki ni kumpandisha. Kwetu mpaka ukibishaniwa, aliyeuonyesha ndiye anayeutembea. Anatangulia mbele, na amebeba begani jiwe la kwanza. Haruhusiwi kulitua mpaka afike mpakani penyewe, na pale atakapolitua ndipo mpaka ulipo. Upande wa pili ndio unaochagua jiwe.

Kwenye mkutano uliofuata, mwezi wa saba tangu Bibi atengwe, nikanyoosha mkono na kuomba mpaka utembewe. Watu walipiga makofi kabla sijakaa. Hakuna aliyekuwa anafikiria haki ya Bibi, nisiwasingizie wema. Walitaka tu kumwona mwenyekiti akipanda kilima. Naye hakuwa na namna. Alicheka, akasema binti huyu wa mjini anatupotezea muda, akauliza jiwe liko wapi.

Nilikuwa nimelichagua siku mbili kabla. Halikuwa kubwa. Ningechagua kubwa wangeniona nina roho mbaya. Nilichagua lenye kona.

Tulipanda kijiji kizima, naye mbele, kofia yake ya heshima imeloa jasho. Kila alipobadilisha bega nilimhesabia. Mzee mmoja wa ulinzi akamtania kutoka nyuma, akamwambia mwenyekiti aangalie asije akazaa njiani. Bibi alikuja pia, mbali kidogo na watu, hakuna wa kumkataza wala wa kumkaribisha. Alifika kwenye chemchemi, akanywa kwa kiganja, akakaa kwenye mwamba wake.

Mwenyekiti akafika pale palipobonyea. Akasimama juu ya bamba la jiwe. Akaangalia kushoto, kulia, mbele. Nilimwona akielewa. Kivuli alichokiona miaka yote kutoka barazani, akakiita korongo, kilikuwa mwamba mweusi kwa unyevu wa chemchemi.

Mtendaji akafungua karatasi. Alisoma yote bila kumwangalia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, korongo liko wapi?"

Kutoka pale juu kila mtu aliliona korongo, chini kabisa, na zizi lake ng'ambo, na ng'ombe wake huku upande wetu wametapakaa kwenye majani mabichi, weupe kwa wekundu. Akiwa na jiwe begani alikuwa na njia mbili. Alitue jiwe chini kule korongoni, akubali karatasi, na ng'ombe wake wote watozwe faini. Au aseme karatasi imekosewa, kwamba alikigawa kilima asichokijua, yaani arudie maneno yale yale yaliyomtenga Bibi.

Alihamishia jiwe bega la pili, nikamhesabia. Nilitamani asimame mpaka jioni.

"Kilima ni kimoja," akasema mwishowe. "Nilikosea. Sikuwahi kufika huku."

Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasema basi yule mama alisema kweli, na aliyetengwa kwa kusema kweli hajatengwa. Akamgeukia Bibi, akamwamkia. Wengine wakafuata, mwangaluka, shikamoo, kila mtu na yake, jirani wa kinu akilia. Bibi alijibu mmoja mmoja, bila haraka, kama anayepokea mizigo yake aliyoibiwa na kuikagua.

Mtendaji alifikiri yamekwisha, akaanza kukunja karatasi. Nikasema hayajaisha. Nikawakumbusha wazee desturi wanayoijua kuliko mimi: aliyemtenga mtu kwa uongo anazibeba siku za yule mtu, naye anatengwa siku hizo hizo. Mwenyekiti akaniangalia. Jiwe bado lilikuwa begani, hakuna aliyemwambia alitue.

Mkubwa wa wazee akasema hilo ni la mwenye maumivu. Akamuuliza Bibi kama anasamehe. Mimi nilimjua Bibi, au nilidhani namjua. Ni yeye anayewapa vifaranga wake watoto wa watu. Nikaogopa atasamehe na mimi nitabaki na kisasi changu mkononi, kama chakula cha mgeni ambaye hakuja.

Bibi akajifuta maji kwenye kidevu.

"Miezi saba," akasema. "Wala msimpunguzie ile ya mvua. Wakati wa mvua ndipo moto unapozimika."

Basi ikawa. Mwenyekiti hakungoja aondolewe, aliandika mwenyewe barua ya kujiuzulu. Kitongoji chetu kikapata ngitili yake kwenye ramani mpya, kilima kimoja, na wataalamu safari hii walipanda kwa miguu. Ng'ombe wake wakarudi ng'ambo. Faini alilipa bila kusema neno, maana hakuwa na wa kusema naye.

Juma la tisa la adhabu yake nilikutana naye kwenye njia ya kisimani. Nilikuwa na ndoo kichwani, yeye anasukuma baiskeli yenye gunia la pumba. Njia pale ni nyembamba. Akaiegesha baiskeli kwenye nyasi ili nipite, akasimama wima, mikono mbele, kama mtu mzima anavyosimama akisubiri kuamkiwa na kijana. Hakuwa amenyoa. Nilimkaribia. Shikamoo ilikuja yenyewe mpaka mdomoni, maana nimelelewa hivyo, ikanibidi niibane kwa meno. Nikapita.

Nyuma yangu nikamsikia anasema, polepole, "Marahaba."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa njiani. Ndoo ilitikisika, maji yakanimwagikia mgongoni, na nilitembea hivyo hivyo mpaka nyumbani bila kujua kama ninacheka au vipi.

Nilimweleza Bibi yote. Alikuwa amekaa na yule jirani wa kinu, wanachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, kama amekonda.

Nikasema kidogo.

"Bado," akasema Bibi, akamsogezea jirani yake ungo.