Mbeba Betri Ndiye Mchagua Kanda

Enzi zetu sisi wa Guta, filamu ilikuwa inabebwa kichwani. Usicheke. Ninyi wenzangu mliokulia huku ziwani mnanielewa. Hawa wa siku hizi ndio nawaambia wakae chini kwanza. Umeme ulikuwaga Bunda mjini, unaishia huko huko kama mgeni anayeogopa matope. Kwetu ufukweni kulikuwa na TV moja ndogo, nyeusi na nyeupe, pamoja na deki yake ya video. Baba yangu, Mzee Mafuru, alivinunua mwaka ule sangara walipomkubali. Vyote viwili vilikula betri moja ya gari. Betri ikiisha, lazima mtu aipeleke mjini kwa Mzee Shabani, ambaye alikuwa anachaji betri upande huu wa duka lake, na upande ule anakodisha kanda za video. Ukienda na betri, unarudi na betri na kanda. Ndiyo maana baba akaweka sheria ya nyumba, na hakuirudia mara mbili: "Mbeba betri ndiye mchagua kanda."

Kaka zangu walikuwa ziwani na nyavu. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne mwenye shingo ngumu. Basi betri ikawa yangu. Nilikuwa naikalisha juu ya ngata ya kanga kuukuu, naondoka na umande, na njia nzima najihisi waziri. Maana watu walikuwa wananipungia mkono kutoka mashambani: "Nyabwire! Leo utuletee nini?" Mama mmoja wa mihogo alikuwa anapiga kelele, "Usituletee tena wale wa kupigana, tumechoka damu!" Na mimi namjibu, "Nitaona, mama!" Nitaona. Mtoto ambaye nyumbani hata kipande cha samaki alikuwa anachaguliwa, leo kijiji kizima kinasubiri jicho lake.

Kwa Mzee Shabani kanda zilipangwa ukutani mpaka darini. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha, kwa hiyo nilikuwa nachagua kwa picha. Nikiona farasi, nauliza. Nikiona mwanamke analia, nauliza. Yeye anavua miwani, anasema neno moja tu: "Hii, mjukuu, ni kisasi." "Hii ni mapenzi, mama yako ataipenda, baba yako atasinzia." Na kila mara ananikumbusha kitu ambacho watoto wangu hawawezi kukielewa hata niwachoree: filamu ilikuwa lazima itoshe ndani ya betri. Zile za kupigana zilikuwa fupi, zinatosha. Za Kihindi zilikuwa ndefu, betri inakufa kabla ya mwisho. Kwa hiyo wanaume wa Guta walijua miisho yote ya watu wa kupigana, na hakuna hata mmoja aliyejua Mhindi alimuoa nani.

Jumapili baada ya kanisa, blanketi zinatundikwa madirishani chumba kiwe giza. Watu wanajaa mpaka mlangoni. Chumba kinanuka dagaa, mafuta ya nywele na watoto wachanga. Jirani yetu mmoja alikuwa anavua kofia akiingia, kama anaingia ibadani. Baba anaunganisha waya. Kwanza inakuja nukta nyeupe katikati ya kioo. Halafu mistari kama mvua. Halafu, taratibu, uso wa mtu. Mtu mzima, anapumua, yuko ndani ya kisanduku kwetu Guta! Mama alikuwa anakunja miguu gari likipita. Siku tulipoona theluji mara ya kwanza, hakuna aliyesema kitu, mpaka mzee mmoja akauliza pole pole, "Hawa watu wanalima wapi?" Mpaka leo sijaona kanisa lililonyamaza kama chumba kile.

Sasa nimtaje aliyeniharibia. Wengine wanasema mambo ya zamani yaachwe. Mimi ndiye niliyebaki na makovu yake, namtaja. Ni Majura, baba yangu mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa anatunza ile betri. Kifuniko kimoja cha betri kilipotea, na Majura, kwa uvivu wake, akaziba tundu kwa kipande cha gunzi la mahindi. Halafu akaongeza maji ya betri yale makali, mpaka juu kabisa, ati betri ipate nguvu. Nikamwambia, "Baba mdogo, inalia humu ndani." Akaniambia, "Beba, we mtoto. Inalia kwa furaha."

Nilipofika karibu na bomba la maji la pale njiani nikahisi yale maji ya betri yananitiririka, shingo inawasha. Nikashika gauni begani, likabaki mkononi kama karatasi iliyolowa. Ndipo moto ukaja. Mama mmoja aliyekuwa anateka maji, simjui jina mpaka leo, alinisukuma chini ya lile bomba, akanishikilia hapo huku napiga mateke. Jicho la kushoto lilipona kwa sababu yake. Shingo, bega na nusu ya mgongo viliungua. Na Majura alimwambia baba nini? Alimwambia, "Alikuwa anacheza njiani."

Baba akamwamini. Na yeye namtaja. Alisema shule inisubiri mpaka kidonda kipone. Kidonda kilipopona, shule haikuwa imenisubiri. Lakini ngoja niseme ukweli wangu: wakati ule sikulilia shule. Nililia kanda. Majura alianza kupeleka betri kwa baiskeli, anachagua yeye. Kila Jumapili, kupigana. Mimi nimelala kifudifudi chumba cha pili, nasikia ngumi kupitia ukutani na watu wanashangilia, na hakuna aliyeniuliza ningeleta nini.

Habari zikafika Butiama kwa bibi yangu mzaa mama. Alikuja na kibuyu cha asali na hasira ya safari. Bibi alikuwa mfupi, lakini akiingia mahali wanaume wanajikuta wamesimama. Alinipaka asali, siku zikapita. Jumapili ikafika. Watu wamejaa, blanketi ziko madirishani, Majura ameshika kanda juu kama kombe. Bibi akatoka na mimi, ameniegemeza kiunoni pake.

"Kanda hiyo amechagua nani?" akauliza.

"Mimi, mama," Majura akajibu, anacheka. "Sheria ya nyumba. Mbeba betri ndiye mchagua kanda. Huyu habebi tena."

"Umeibeba kichwani?"

"Kwa baiskeli."

"Basi baiskeli ndiyo ichague."

Watu wakacheka, na yeye ikabidi acheke, lakini midomo tu. Bibi hakucheka. Akanigeuza, akashusha kanga, watu wote wakaona mgongo. Nilisikia chumba kikinyamaza kama siku ya theluji. Akamgeukia baba, si Majura, baba, mkwe wake, akasema kwa sauti ya chini: "Mafuru, mwanao huyu ameshabeba betri zote. Za jana na za kesho. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayebeba kumzidi. Sheria ni yako, siivunji. Naihesabu tu."

Baba aliinamisha kichwa. Nilishangaa nikasahau maumivu. Sikujua kwamba sheria ya mwanaume inaweza kugeuzwa bila kuguswa, kama mtu anavyogeuza sato kikaangoni asivunjike.

Wiki ile Majura alinipeleka Bunda kwenye keria ya baiskeli, betri imefungwa mbele, na ina vifuniko vyote. Yeye anapiga pedali, mimi nimekaa nyuma. Wale wa mashambani walipiga vigelegele. Dukani nilipita zile za kupigana nikafika kwenye moja yenye picha ya mwanamke mzee amekaa kando ya mto, macho yake hayaangalii popote.

Mzee Shabani akavua miwani. "Hiyo ya Kihindi, mjukuu. Ndefu. Betri yenu haifiki mwisho."

"Naitaka."

Majura akadakia, "Ataka kutulaza na njaa huyu!"

"Mimi sikuulizwa na wewe hukuulizwa," Mzee Shabani akamwambia, akanifungia kanda kwenye gazeti.

Ilikuwa hadithi ya mama kipofu ambaye mtoto wake alichukuliwa na mto angali mchanga. Anakaa pale pale kando ya maji miaka yote, anauza maua. Mtoto amekua mbali, amekuwa mtu, anapita kijijini bila kujua. Hatukujua Kihindi hata neno moja na hatukulihitaji. Sisi ni watu wa ziwa. Kwetu kila ukoo una mtu ambaye maji yalimchukua. Yule jirani wa kofia alilia bila kujificha. Majura alikuwa amesimama mlangoni na muwa mkononi, na niliona kwamba ameacha kutafuna.

Halafu yule kijana akapiga magoti kununua maua. Mama akasita. Akainua mkono wake kuelekea usoni kwa kijana. Hapo picha ikaanza kusinyaa. Mliokuwa na TV za betri mnajua: inaanza kandokando, weusi unaingia kutoka pembeni, watu wanakuwa wadogo, wadogo. Mkono uko hewani. Watu wote wakasogea mbele kama wanaweza kuushika. Ikabaki nukta. Nukta ikafa.

Kesho yake kanda ilirudishwa, na mtu wa visiwani akaikodi, hakuirudisha tena. Basi Guta tukabaki na mkono hewani. Wanawake walibishana kwenye uanikaji wa dagaa msimu mzima. Wengine walisema alimshika akamjua. Wengine walisema kijana alisimama akaondoka. Bibi, kabla ya kurudi Butiama, alisema, "Mama hamjui mwanae kwa uso. Atamshika kisogo. Alikuwa anakishika akimnyonyesha." Tukaridhika. Bibi amekwenda na jibu hilo kaburini.

Leo nakaa Makoko, Musoma, nauza dagaa. Ukutani nina TV pana kuliko meza. Watoto wangu wawili wanakaa na rimoti na kupekua filamu mpaka chakula kinapoa, wanaangalia mwanzo wa hii, mwanzo wa ile, "hii mbaya," "hii nimeona," halafu kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Dunia nzima iko mle ndani na wanapiga miayo. Sheria nimewaachia ile ile: aliyefanya kazi nzito siku hiyo ndiye anachagua. Wanaiita "kubeba betri". Betri yenyewe hawajaiona.

Mwezi uliopita ndugu wakaniletea Majura. Mzee, amekonda, amekuja hospitali na hana pa kufikia. Ni damu, nikampokea. Anakunywa uji wangu, analala kitanda changu cha wageni, na bega langu linajua yuko humu. Jumapili alasiri tumekaa sebuleni, watoto wanapekua. Yeye, ambaye kutwa haongei, akasema, "Ile ya mama kipofu haipo?"

Nikamwangalia.

"Babu hajabeba betri!" mwanangu Elia akasema, anatania.

"Ni kweli hajabeba," nikasema. "Leo nachagua mimi. Mimi nimeshabeba zote. Neema, tafuta ya Kihindi ya zamani, mama kipofu, mtoto, mto."

Neema akaandika maneno hayo kwenye simu. Picha zikaja nyingi, na katikati yao, amekaa kando ya maji, yule mama. Kitu ambacho kijiji kizima kilikikosa, mtoto wangu amekiita kwa kidole kimoja, huku anakula karanga.

Tuliiangalia yote. Watoto walitoka, wakarudi, wakatoka. Ikafika pale. Kijana akapiga magoti. Mama akainua mkono. Macho yangu yakakimbilia pembeni mwa kioo, kusubiri weusi. Nikageuka, na Majura naye hakuwa anaangalia mkono. Alikuwa anaangalia pembeni.

Picha haikusinyaa. Mkono ukafika. Ukapita shavu, ukazunguka, ukashika kisogo. Nikajikuta nimesema, "Bibi!"

Akiwa bado anaangalia kioo, Majura akasema, "Lile gunzi lilikuwa bichi, likasinyaa."

Miaka yote hiyo, ndilo hilo alilonalo. Gunzi. Sikumjibu gunzi. Nikamwambia, "Kunywa dawa zako, Baba mdogo," nikamsogezea maji.

Sijamsamehe, na msiniombe. Lakini chumba kile kilikuwa na watu wanne, na wawili tu ndio walioona kitu. Wanangu waliona filamu ya zamani iliyoisha vizuri. Kioo chao hakina weusi wa pembeni. Hakijawahi kuwafia mkono ukiwa hewani, basi wanaangalia kila kitu na hawasogei mbele. Sisi tulikuwa tunasogea. Chumba kizima tulikuwa tunasogea.