Matairi Magumu ya Paskazia

Siku ya mnada pale Mhunze, Paskazia alikuwa ameshaziba pancha sita kabla ya saa nne asubuhi. Zote zilikuwa za miiba. Watu wa Kishapu huendesha baiskeli kwenye njia za ng'ombe, na njia hizo zimejaa matawi ya migunga yaliyodondoka wakati wa kuzungushia maboma. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu juzi. Alipoinua kichwa akamwona Lusia, mhudumu wa afya wa kijiji cha jirani, anasukuma baiskeli yake. Magurudumu yote mawili hayakuwa na upepo, na juu ya keria alikuwa amefunga matairi mawili mapya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo tena?”

“Leo tena. Wiki hii mara ya nne, nimechoka. Jana nimekwenda Shinyanga, kwenye duka la mzee Gulamali, nikanunua haya. Binti yake, Bhumika, kaniambia mwiba hauyatoboi. Yana utando mgumu ndani.”

Paskazia akalishika moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Halikubonyea. Lilikuwa zito kama tairi la pikipiki.

“Kaa kwenye benchi,” akasema.

Nyuma yake, mumewe Athanas alivuta kiti chake cha kamba karibu ili aone vizuri.

Kibanda kile cha ufundi kilikuwa cha Athanas. Ujanani alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye machimbo madogo upande wa Geita, mingi kati ya hiyo akiwa kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mahali ambapo vumbi lilikuwa jingi hata watu wakatambuana kwa sauti. Alirudi na kikohozi. Hospitali ya Kolandoto walimpima kifua kikuu mara mbili, hawakukiona. Daktari akawaeleza taratibu kwamba ni vumbi la mawe, limekaa kwenye mapafu, na dawa ya kulitoa hakuna. Ndipo Athanas akaanza ufundi wa baiskeli, akidhani ni kazi ya kukaa. Kumbe hata pampu inataka pumzi. Mwaka wa kwanza Paskazia alikuwa anakuja kumpigia pampu tu. Mwaka wa pili akawa anabandua matairi. Wa tatu, Athanas alibaki kuelekeza kwa mdomo. Hawakuwahi kukaa wakakubaliana kwamba sasa fundi ni mke. Ilitokea tu.

Matairi ya zamani ya Lusia yalitoka kwa vidole. Lile jipya lilikubali kuingia nusu, likaingia robo nyingine, halafu likagoma. Sehemu iliyobaki ilikuwa na urefu wa kiganja. Paskazia alisukuma kwa vidole gumba mpaka kucha zikawa nyeupe. Akaligeuza, akalibana kwa magoti, akasukuma tena. Mwisho akachukua kile chuma bapa cha kubandulia, akakipachika chini ya ukingo wa tairi na kukikandamiza. Tairi likaingia. Alipopiga pampu wakasikia hewa inatoka kwa mluzi mwembamba.

“Umeibana tyubu na chuma,” Athanas akasema.

“Nimeona.”

Akalitoa lote, akaweka tyubu nyingine, akaanza upya. Hiyo nayo ikatoboka. Jua lilikuwa limefika utosini. Wanunuzi wa ng'ombe walikuwa wamesimama kuangalia, na mmoja akasema kwa sauti kwamba kazi hiyo inataka mwanamume.

Athanas akainuka. Paskazia alitaka kumzuia, akaona uso wake, akaacha. Mzee alishika tairi, akaegemeza kifua juu ya gurudumu na kusukuma. Mishipa ya shingo ikatokeza. Kisha kikohozi kikamkamata, akainama, gurudumu likamponyoka na kubiringika mpaka miguuni kwa wale wanunuzi. Lusia alimshika bega, mkewe akamshika la pili, wakamrudisha kwenye kiti. Wale wanaume wakaondoka mmoja mmoja.

“Sasa hata tairi linanishinda,” Athanas akasema alipopata sauti.

“Baba Noela, nyamaza kwanza. Kunywa maji.” Kisha akamgeukia Lusia. “Nenda na baiskeli yangu, mwanangu. Yako uje kuichukua kesho.”

Asubuhi iliyofuata Paskazia alifika kibandani peke yake. Usingizi haukuwa umemtosha. Mumewe alikohoa sana. Alikaa chini, akaweka gurudumu mapajani, na kwa kuwa mikono ilikuwa inauma hakuanza kusukuma. Aliliangalia tu. Alipitisha kidole ndani ya ringi, akagundua kitu ambacho kwa miaka yote alikuwa amekishika bila kukifikiria: katikati ya ringi kuna bonde, na pembeni ni juu. Tairi likikaa juu, pembeni, linahitaji nafasi kubwa. Likishushwa bondeni upande mmoja, upande wa pili utalegea.

Akaanza upande wa mbali na valvu. Akaushusha ukingo wa tairi bondeni, na ili usirudi juu akaufunga pamoja na ringi kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Akaendelea hivyo pande zote mbili, akilibana na kulifunga, akiacha eneo la valvu liwe la mwisho, kwa sababu pale shina la valvu huzuia tairi lisishuke. Akapaka maji ya sabuni, akakiweka kile chuma kando. Kisha akasukuma kwa viganja, taratibu. Tairi likaruka ndani kwa mlio mdogo.

Alikaa pale akilitazama. Alidhani angefurahi, lakini alichosikia ni njaa tu.

Athanas alipofika akitembea na kupumzika, akakuta la pili nalo limeshaingia.

“Umeliingizaje?”

Akamwonyesha. Tangu waanze kazi ile, ilikuwa mara ya kwanza mke kumfundisha mume. Athanas alipitisha kidole kwenye bonde la ringi nyingine, akakirudisha, akakipitisha tena.

“Mimi hili sikuwahi kulijua, Mama Noela.”

“Hata mimi nimelijua leo.”

Mwaka ule matairi magumu yakaenea. Pancha zikapungua, lakini kazi haikupungua. Watu walifunga wenyewe nyumbani, wakashindwa, wakaja na tyubu zilizochanika. Wengine walitoka vijiji vya mbali, wakimsalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” tangu barabarani, wamebeba magurudumu begani. Kulitoa tairi hilo kulikuwa kugumu kuliko kuliingiza. Baada ya miezi ya vumbi na jua, lilikuwa limegandamana na ringi. Paskazia alililaza gurudumu chini na kulizunguka, akilikanyaga pembeni mpaka libanduke, ndipo alishushe bondeni na kuingiza vyuma viwili karibu na valvu. Vidole gumba vyake vilivimba na havikurudi kama vilivyokuwa. Jioni binti yao Noela ndiye aliyemkatia mboga.

Lusia alirudi baada ya miezi saba, amesukuma baiskeli kilomita tisa. Mwiba haukuwahi kulipita tairi, alisema, lakini kuna kitu kimelipita. Paskazia akalitoa. Athanas akaiweka tyubu kwenye beseni la maji mapajani mwake, akaizungusha mpaka mapovu yakatoka. Paskazia alikuwa tayari ameshika kiraka na solusheni ya kukibandikia.

“Usifunge bado,” mumewe akamwambia. “Kilichotoboa bado kimo.”

Akachukua kitambaa cha pamba, akakipitisha ndani ya tairi polepole, huku akipumzika kati ya pumzi na pumzi. Mahali fulani kitambaa kikanasa. Akavuta kwa koleo kipande cha waya, chembamba kama unywele. Vidole vyake bado vilikuwa vizuri.

“Baba, hali yako?” Lusia akauliza.

“Tunazisukuma siku, mwanangu.”

Tangu siku hiyo kazi ya kutafuta ikawa yake, na kila gurudumu lililotolewa tairi lilipita mapajani kwake. Aliifanya mpaka mwezi wa sita, baridi ilipoanza. Akalala siku nne, ya tano hakuamka.

Paskazia alikaa msibani mwezi mzima. Siku aliyofungua kibanda, mtu wa kwanza alikuwa Jilala, mfugaji anayembebea mke wake maji kwa baiskeli kutoka mbali. Alitoa pole, akaweka gurudumu chini, akakaa kwenye benchi. Paskazia alilikanyaga, akalibandua, akaiweka tyubu kwenye beseni, akaona mapovu. Akachukua kitambaa na kuanza kukipitisha ndani ya tairi mwenyewe. Alifika nusu. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia chini ya bati na kumkalia mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi mgongo huo haukuuma. Kichwa kikaegemea nguzo, usingizi ukamchukua.

Alikuja mteja mwingine, akataka kuita. Jilala akaweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha, akamsogezea nafasi kwenye benchi.