Wifi Yangu Geti na Pedali za Mwalimu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi umeme wa magari, na pale gereji wanamwita Geti. Jina alilipata siku alipojaribu kuendesha gari kwa mara ya kwanza, akaligonga lango la gereji. Lango lilikuwa wazi, tena pande zote mbili, na bado alilipata. Bati limebonyea hadi leo. Tangu siku hiyo hakugusa usukani. Anatengeneza taa, starta na betri za magari ya watu, anawasha injini, anasikiliza, halafu anaita mtu aje alisogeze gari.

Msidhani jina hilo lilimnyong'onyeza. Wifi yangu haya hana. Akitengeneza honi, ataipiga mpaka mtaa mzima ujue imepona. Mita yake ya kupimia umeme huining'iniza shingoni tangu asubuhi, na mume wangu husema ipo siku atalala nayo. Nampenda, na ananichosha.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nina gari moja, na gari hilo ndilo shule yenyewe. Sasa gari likaanza kuwasha taa ya injini. Mashine ya gereji ikasema tatizo ni sensa ya oksijeni, kile kidude kinachokaa kwenye bomba la moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli inaungua sawasawa. Wakabadilisha sensa. Taa ikazimika, kisha ikawaka tena. Wakaweka nyingine, mpya, ndani ya boksi lake. Ikawaka. Kila mara fundi mkuu alilizungusha gari mwenyewe na kurudi anatabasamu: "Mwalimu, gari zima kabisa." Nikilichukua mimi, mchana haufiki kabla taa haijawaka.

Kibali cha shule kikafikia siku yake ya mwisho. Ukaguzi haulipokei gari lenye taa ya injini inayowaka, na bila kibali wanafunzi wangu, waliokuwa karibu kufanya mtihani wa barabarani, wangehamia kwingine wote. Mimi ningebaki na kibao changu cha L, nikipepelea jiko. Asubuhi hiyo nilifika gereji nimefura, na fundi mkuu akaniambia tujaribu sensa ya tatu.

"Sensa haina kosa," Geti akadakia kutoka chini ya boneti ya gari jingine. "Inasema vizuri, ila ujumbe unakatikia njiani. Angalieni waya."

"Nyaya nimezipima zote," fundi mkuu akasema. "Nzima."

"Umezipima gari limesimama, na ndani hakuna mtu." Akanigeukia. "Wifi, hii taa inawaka lini hasa?"

"Nikiwa na wanafunzi. Nikiendesha peke yangu, haiwaki."

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akasema gari linawaogopa wanafunzi wangu, na kwamba hata yeye anawaogopa. Geti hakucheka.

"Basi tunahitaji mwanafunzi," akasema.

Wanafunzi nilikuwa nimewaambia wakae nyumbani mpaka gari lipone. Geti akafuta mikono kwenye ovaroli, akalitazama lango.

"Mwanafunzi ni mimi."

Fundi mmoja alikimbia kwenda kuondoa pikipiki yake.

Geti aliunganisha nyaya ndefu za mita kwenye plagi ya sensa, chini ya zulia la gari, akaniwekea mita mapajani. "Nisomee namba kwa sauti. Ikikaa karibu na nukta saba, ujue sensa inasikika."

Langoni tulipita mkono wangu ukiwa kwenye usukani, sitaki kusema uongo. Tukaenda kwenye barabara tupu nyuma ya maghala. Geti alikuwa ameuinamia usukani, meno ameyauma.

"Nukta saba," nikasoma. "Nukta saba. Kata kona, wifi. Nukta saba. Kata kona, nimesema! Breki!"

Akakanyaga mafuta. Ukuta wa ghala ukatujia.

Gari langu lina pedali upande wangu pia, breki na klachi, zilizoongezwa na mchomeleaji aliyeligeuza kuwa gari la shule. Nikikanyaga zangu, zinavuta za dereva. Dereva akikanyaga zake, zangu hazitikisiki. Nilizikanyaga zote mbili kwa uzito wote alionijalia Mungu, gari likasimama pua ikinusa ukuta. Injini bado ilikuwa inanguruma. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, lakini macho yakaangukia mapajani.

"Sifuri," nikasema. "Wifi, imesoma sifuri."

Geti akatoa gia, akavuta breki ya mkono. "Mguu wako uko wapi?"

"Kwenye breki! Ulitaka uwe wapi?"

"Achia."

Nikaachia. Tukasubiri kidogo. Nukta saba.

"Kanyaga."

Sifuri.

"Achia."

Nukta saba. Geti akafungua mlango, akaruka nje, akacheza katikati ya barabara huku mimi nimebaki na mita mapajani. "Mafundi wote wanaliendesha peke yao!" alipiga kelele. "Hakuna hata mmoja aliyekaa kiti chako! Ni mguu wako, wifi! Ni mguu wako!"

Tukafunua zulia. Chuma kinachoshika pedali zangu kilikuwa kimechomelewa juu kabisa ya nyaya za sensa. Kila nilipokanyaga kilishuka kidogo, na ukingo wake ulikuwa umeula waya mmoja ganda mpaka shaba inaonekana. Waya ukigusa chuma, ujumbe unaishia hapo sakafuni. Kadiri mwanafunzi alivyokuwa mbovu, ndivyo taa ilivyowaka.

Geti aliunga waya, akaufunika, akazihamisha nyaya zote mbali na pedali na kuzifunga. Akaizima taa ya injini kwa mashine ya gereji aliyokuja nayo. Nikaushika mlango wa dereva.

"Wapi?" akaniuliza. "Mwanafunzi hajamaliza somo."

Aliendesha yeye hadi ukaguzi. Njia nzima nilikanyaga pedali zangu, mara chache kwa kujaribu, mara nyingi kwa kuokoa roho zetu. Taa haikuwaka. Mkaguzi naye akakaa kwenye kiti changu na kuzikanyaga kama anayeua mende. Mimi nilikuwa dirishani, macho kwenye dashibodi. Hakuna taa. Alipobandika stika ya kibali kwenye kioo, nililia palepale, mbele ya foleni nzima, wala sikuona aibu.

Tuliporudi, mafundi walikuwa wamejipanga uani. "Geti huyo! Okoeni lango!"

Akapunguza mwendo. "Wifi," akaninong'oneza, "kaa tayari."

Nikavua viatu, nikakunja miguu yangu yote miwili juu ya kiti.

"Wewe! Miguu!"

"Imepumzika," nikamwambia. "Pita."

Akapita katikati, polepole, bila kugusa upande wowote. Halafu akaipiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka nje.