Wiki Tatu za Kusubiri

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake tisa wa Ihanda, Karagwe, na mimi nilifanywa katibu kwa sababu moja tu: simu yangu ndiyo pekee iliyokuwa ikifungua barua pepe. Tulikuwa tunachuma kahawa kwenye vibanja vyetu, mashamba ya migomba na kahawa kando ya nyumba, tunaikoboa, tunaikaanga kwenye masufuria makubwa nyuma ya nyumba ya mama mwenyekiti, kisha tunaisaga kwa mashine ya mkono na kuifunga kwenye pakiti za robo kilo. Pakiti zilikuwa nzuri. Harufu yake ilikuwa inamsimamisha mtu wa bodaboda barabarani. Lakini wanunuzi wetu walikuwa majirani na wageni wachache waliolala kwenye nyumba za kulala wageni pale Omurushaka, na mwenyekiti alikuwa anasema kahawa inayonywewa na jirani haiwezi kumsomesha mtoto.

Siku moja tulipewa anwani ya meneja wa manunuzi wa hoteli moja kubwa Mwanza. Wenzangu walinigeukia wote kwa pamoja. "Andika," wakasema.

Niliandika barua ya kwanza kwa siku mbili. Nilieleza historia ya kikundi, jinsi tulivyoanza, udongo wa Karagwe, mvua, bibi zetu waliopanda miti ile, na shida tulizopitia. Juu yake niliweka kichwa, OMBI LA KUUZA KAHAWA, kwa herufi kubwa, nikatuma. Hakuna aliyejibu. Wiki mbili zilipita, wenzangu wakaanza kuniuliza kila tulipokutana, kana kwamba jibu nimelificha kwenye kanga.

Ndipo nikamwendea mwalimu wangu.

Alinifundisha Kiswahili sekondari, na baadaye akawa msimamizi wangu wa kipaimara kanisani. Tangu astaafu alikuwa anaishi Rugera na mke wake, na mezani kwake kulikuwa na kompyuta ndogo aliyonunuliwa na mwanawe. Nilipoolewa yeye ndiye aliyezungumza kwa niaba ya upande wetu. Hakukuwa na jambo zito kwangu ambalo hakulijua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Lete hiyo simu nione."

Aliisoma barua yangu hadi mwisho. Halafu nikamwonyesha niliyokuwa nimeanza kuandika ya pili: *Naomba kukukumbusha kuhusu barua yangu ya awali.* Akacheka kidogo, kama alivyokuwa anacheka darasani mtu akikosea ngeli.

"Ukimkumbusha mtu, umemwambia amesahau," alisema. "Nani anapenda kuambiwa amesahau? Huyu meneja anapokea barua mia. Yako ya kwanza ilikuwa hotuba. Ya pili usilalamike, mpe kitu kipya. Kitu kimoja. Halafu muulize swali ambalo anaweza kulijibu akiwa amesimama."

Tulikaa pale asubuhi nzima. Alinifundisha niendelee kwenye barua ileile ya kwanza ili asihangaike kutafuta mimi ni nani. Alinifundisha kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe. Alifuta maneno "natumaini u mzima wa afya" akasema afya yake tutaiulizia tukishafahamiana. Mwishowe ikabaki mistari minne. Ilisema kwamba jana tumekaanga kahawa mpya, kwamba pakiti mbili za kuonja zinapanda basi la Mwanza siku ya Alhamisi, na ikauliza: nani azipokee pale hotelini?

Jibu lilikuja siku ileile kabla ya saa kumi. Lilikuwa na jina la mtunza stoo na namba yake, basi. Nililisoma nikiwa shambani, nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikalisoma tena. Nilimpigia Mwalimu kabla ya kumpigia mwenyekiti.

"Umeona?" alisema. "Sasa usiandike tena mpaka wameonja."

Kuanzia hapo sikutuma kitu bila yeye kukiona. Nilikuwa naandika rasimu, namtumia kwenye anwani yake, anairudisha imenyooka. Nikitoka Ihanda kwenda kwake nilikuwa napeleka mkungu mdogo wa ndizi au pakiti ya kahawa, na mke wake alikuwa ananipa chai. Kuna sentensi moja tuliyoibishania sana. Mimi nilitaka kumwambia meneja kwamba akikataa hatutakasirika, yeye alisema neno kukasirika lisitajwe kabisa. Nilirudi nayo nyumbani, nikailalia, asubuhi nikampelekea hivi: *Kama jibu ni hapana, hapana yako nayo itatusaidia kupanga.* Akainua macho kutoka kwenye simu.

"Hiyo ni yako," alisema. "Mimi nisingeipata."

Niliondoka Rugera siku hiyo nikijiona mtu.

Meneja alijibu tena. Wapishi wake wameipenda kahawa. Aliuliza kama tunaweza kupeleka kila mwezi, na kama kila mwezi itakuwa imekaangwa vilevile, isiwe leo nyeusi kesho kahawia. Nilijibu kwa msaada wa Mwalimu kwamba tunaweza, na nikaeleza jinsi tunavyopima muda wa kukaanga. Kisha kimya.

Baada ya siku nne nilitaka kuandika. Mwalimu alikataa.

"Mtu aliyekaribia kununua habanwi. Ukimbana anakimbia. Hesabu wiki tatu kamili."

"Wiki tatu si nyingi, Mwalimu? Atatusahau."

"Umekuja kuuliza au umekuja kunifundisha?"

Niliomba radhi. Nilihesabu wiki tatu. Wenzangu walipouliza niliwaambia maneno ya Mwalimu, na kwa kuwa yalikuwa ya Mwalimu walinyamaza. Tuliendelea kukaanga, tukaweka akiba ya pakiti kwenye masanduku ili meneja akisema ndiyo tusikutwe mikono mitupu. Mwenyekiti alihamisha kitanda cha mwanawe ili masanduku yapate nafasi.

Wiki ya tatu ilipoisha niliandika barua fupi sana. Nilimwambia meneja kwamba mzigo wa mwezi wa kwanza uko tayari, nikauliza tuupeleke siku gani. Alijibu ndani ya saa moja, na alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alisema mbona mzigo wa kwanza umeshafika na wameshaanza kuutumia. Alisema mzee wetu ameandika vizuri sana, na makubaliano ya mwaka mzima yameshasainiwa na wenzetu wa Kyerwa. Akamalizia kwa kutushukuru kwa kufuatilia.

Niliisoma nikafikiri amekosea hoteli au amekosea kikundi. Sisi hatukuwa na wenzetu Kyerwa, wilaya ya jirani. Nikamwandikia, kwa adabu, kwamba naomba anitumie hiyo barua ya mzee ili kumbukumbu zetu ziwe sawa. Akanitumia bila kushuku kitu, maskini, kwa nini ashuku.

Ilikuwa imetoka kwenye anwani ya Mwalimu. Ilitumwa siku mbili baada ya yeye kuniambia nihesabu wiki tatu. Ilianza hivi: *Naandika kufuatilia mazungumzo yako na binti yangu wa Ihanda.* Ikaendelea kusema kwamba kikundi cha binti yake ni kidogo na bado kinakaangia kwenye sufuria, lakini kipo kikundi kingine Kyerwa chenye mashine, ambacho kahawa yake haitabadilika rangi mwezi hata mwezi. Iliahidi pakiti za kuonja, ikauliza nani azipokee. Na mstari wa mwisho ulikuwa ule wa kwangu, neno kwa neno, wa hapana inayosaidia kupanga.

Sikulia. Mwili ulikuwa mzito tu, kama wa mtu anayeanza malaria. Nilikumbuka kwamba binti yake wa kumzaa ameolewa Kyerwa. Nilijua mkwe wake alikuwa amenunua mashine ya kukaangia. Mwalimu mwenyewe alinisimulia, na mimi nikamwambia hongereni.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Rugera. Sikubeba ndizi. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage na mke wake. Nikasalimia, wakaitikia, nikamwambia Mwalimu naomba tuzungumze. Mke wake alinitazama, akachukua ungo wake akaingia ndani. Nadhani alijua.

Nilimpa simu. Aliisoma barua yake mwenyewe taratibu, kama vile imeandikwa na mwanafunzi.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini, Mwalimu?"

Akaanza kueleza kwamba meneja aliuliza swali la rangi, na swali lile sisi tusingeliweza. Tungepeleka miezi miwili, wa tatu angeturudishia, na jina la Karagwe lote lingeharibika. Mkwe wake mashine ilikuwa imekaa bila kazi. Alisema yote hayo kwa sauti ileile aliyonifundishia, akiweka hoja moja baada ya nyingine.

"Ungeniambia hatuwezi," nilisema. "Au ungewaunganisha na sisi, tukaangie kwenye mashine yao."

"Nililifikiria."

"Uliniambia nisubiri wiki tatu."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Niliona macho yake yamekuwa madogo, ya mzee kweli.

"Kusubiri ni ushauri sahihi," alisema. "Hata leo ningekupa huohuo."

Hapo ndipo palipokatika. Angesema amekosea, au ni njaa, au binti yake alimlazimisha, ningeweza kubaki pale nikabishana naye hadi tupatane. Lakini aliniambia ushauri ulikuwa sahihi. Nilichukua simu yangu, nikamwita mke wake nikamuaga, nikaondoka. Bodaboda nilikuwa nimeshamruhusu, kwa hiyo nilitembea muda mrefu kabla ya kupata mwingine.

Wenzangu niliwaambia Jumapili baada ya ibada, tukiwa nyumbani kwa mwenyekiti, masanduku yamepangwa hadi dirishani. Niliwasomea barua yote. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja, mama mtu mzima ambaye familia yake ilitoka Burundi na ambaye huwa hazungumzi sana vikaoni, alisema, "Sisi tulikutuma uandike. Hatukukutuma ukaombe ruhusa." Aliniumiza kuliko Mwalimu kwa sababu hakukosea. Mwenyekiti alimwambia aniache, mtoto hawezi kumchunguza mzazi wake. Yule mama akasema hakumaanisha ubaya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Walitaka nimwandikie meneja nimfichue Mwalimu. Niliandika barua hiyo. Ilikuwa ndefu kuliko hata ile ya kwanza, na kila mstari ulikuwa wa kweli. Nikaikalia siku mbili, nikaifuta. Badala yake nilimweleza meneja kwa sentensi tatu kwamba kikundi cha Kyerwa si chetu, kwamba tunaheshimu makubaliano yake, na kwamba siku akihitaji kahawa nyingine anwani yetu ni hii. Safari hii sikumwonyesha mtu yeyote kabla ya kutuma.

Alijibu baada ya wiki. Alisema hakujua, anasikitika, lakini ameshasaini na hawezi kuvunja. Lilikuwa jibu la haki na halikutusaidia. Kahawa ya kwenye masanduku tuliiuza kidogokidogo, kwa majirani na kwenye maduka ya Omurushaka, na nyingine ilipoteza harufu tukainywa wenyewe. Wanawake wawili walijitoa. Hawakunilaumu, walisema wana shughuli nyingi za shamba.

Niliendelea kuandika. Niliandikia hoteli, maduka, shule za bweni. Kinachonichosha si kukosa majibu. Ni kwamba kila ninapofuta neno la ziada, au kuuliza swali moja jepesi badala ya matatu, namsikia yeye. Sijui nifanye nini na ujuzi nilioupata kwa mtu wa namna hiyo. Siwezi kuurudisha.

Mama mmoja mwenye mgahawa Bukoba alijibu barua yangu ya tano. Hakueleza kwa nini hakujibu nne za mwanzo. Alisema anataka pakiti chache kwanza, na kama wateja wataipenda ataongeza. Tulizifunga asubuhi, wanawake saba, nami nikazipeleka Omurushaka nikamkabidhi kondakta wa basi. Kanisani bado nakutana na Mwalimu. Namwamkia, kwa sababu nilivyolelewa siwezi kumpita mtu mzima kimya, na yeye anaitikia akitazama pembeni. Hajawahi kuniuliza kama tunaendelea kuuza, nami sijawahi kumwambia.