Ini la Fahali

Hapa Kabambare, ng'ombe akichinjwa, dokta wa mifugo hupewa kipande cha ini. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini mchinjaji asiyekupa atasemwa, nawe usipopokea utasemwa zaidi. Dokta huyo ni mimi, na sijawahi kukataa.

Asubuhi ile walichinjwa wawili: jike wa jirani, na fahali wa mfanyabiashara mmoja anayeswaga ng'ombe kwenda kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Fahali alikuwa na mabega yasiyolingana na umri wake, na makovu ya sindano shingoni. Nilishuku dawa ya kunenepesha, ile iliyokatazwa kwa kumdhuru mlaji. Sisi hatuna cha kuipimia. Ini husafiri kwa pikipiki hadi Kasongo, kisha mbali zaidi, hadi maabara. Nyama yenyewe iliuzwa siku ile ile, maana hatuna pa kuihifadhi. Nilichotaka ni jibu, ili kundi lake linalofuata nilizuie.

Mifuko ya sampuli ilikuwa imekwisha zamani. Ini la fahali nikalifunga kwa majani ya mgomba na kamba ya mpira. Mchinjaji akanifungia fungu langu, la yule jike, kwa majani yale yale, ila kwa ukambaa wa mgomba. Nikayatia yote katika kisanduku kimoja cha barafu, nikakiacha nyumbani, nikaenda kutafuta mtu wa pikipiki. Sikumwambia mke wangu lolote. Ujinga gani huo!

Niliporudi, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa akilamba vidole. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akikaa kwetu ili awe karibu na zahanati.

"Mujomba, maini ya leo iko tamu! Mama alinipikia fungu muzima, eti nipate damu."

Mke wangu alicheka kwa furaha. Kamba ya mpira ilikuwa sakafuni jikoni.

Nilipaswa kumwambia mpwa wangu pale pale, na muuguzi pia. Niliona aibu, dokta mzima. Nikamwambia, "Kula tu, mama." Kisha nikachukua ini la jike lililobaki kisandukuni, nikaandika juu yake namba ya fahali, nikampa mtu wa pikipiki.

Jibu lilirudi: hakuna dawa. Mfanyabiashara alinikumbatia sokoni mbele ya watu. "Dokta, weye uko mutu wa haki." Karatasi ya jibu lile aliibandika kwenye meza ya mchinjaji anayemuuzia nyama. Tangu hapo makundi yake yanapita, nami napiga muhuri.

Mtoto alizaliwa mzima. Nilimkagua kuliko baba yake, kidole kwa kidole, na hadi leo akikohoa namsikiliza kifua. Sijui mama yake alikula nini. Nilikuwa na njia moja ya kujua, nikaiharibu kwa mkono wangu, na kwa hilo najichukia.

Sasa mpwa wangu ana mimba tena. Wiki iliyopita alichukua kikapu.

"Naenda kununua maini kwa ule mwenye karatasi yako, mujomba. Yake ilipimwa."

Maneno yalinifika mdomoni. Nikamwambia anunue samaki, nyama imepanda bei.

"Weye dokta unaogopa bei?" Akacheka, akaenda.

Alirudi na ini. Akalipika kwa vitunguu, akanipakulia mimi kwanza. Nikala, naye akala.