Alichokiona Raheli kwenye Vizimba vya Panya
Kasian alipopunguzwa kazi relini Kilosa, mwaka tisini na sita, alikwenda Mikumi kupakia malori. Huko ndiko alikoanza kuvuta unga, yaani heroini. Mkewe, Raheli, alijua kwa vitu vilivyotoweka nyumbani: vitenge vyake, sufuria, mwishowe kitanda cha binti yao Imani.

Raheli alikuwa na kibarua cha kusafisha vizimba vya panya kwenye maabara ndogo iliyofunguliwa katika ofisi ya zamani ya shamba la mkonge. Panya wale walizoeshwa dawa ya jamii ya unga: wakibonyeza kitufe, wanapata tone. Wengi walibonyeza mchana kutwa, hawagusi chakula. Lakini kundi moja liliacha polepole, likarudi kula. Akamuuliza Daktari Mhoja, mkuu wa utafiti, kulikoni. Akaelezwa kwamba panya akizidi kupewa dawa, protini fulani hujikusanya ubongoni, hukaa kwa majuma, na kumfanya aendelee kuitamani. Kundi lile lilikuwa limepunguziwa protini hiyo kwa dawa ya majaribio iliyodungwa ubongoni.

Kesho yake Raheli alikwenda Mikumi, akamkuta Kasian amejikunja nyuma ya gesti, akamleta moja kwa moja maabara. Alipiga magoti.

"Mpe na huyu, Daktari. Akifa sitakushtaki."

Daktari akamwinua, akamweleza kuwa panya wale hutobolewa fuvu, baadhi hawaamki tena, na dawa hiyo ya binadamu haipo popote.

"Itakuwepo lini?"

"Sijui, Mama Imani. Huenda isiwepo."

Kasian alikuwa anamtazama panya mmoja. "Huyu hana raha," alisema taratibu. "Watu wanadhani ana raha."

Raheli akamrudisha nyumbani, akamfungia ndani. Siku tisa za arosto, maumivu ya kukosa unga, Kasian alitapika, akamtukana, akapiga mlango mateke. Siku ya kumi akaomba uji. Miezi mitatu alilima naye mpunga Tindiga, hata akanenepa. Kisha Kasian akakutana kwenye mashine ya kukoboa na mwenzake wa malori, wakaondoka pamoja.

Majirani walisema mume hampendi. Raheli aliwajibu kuwa upendo haukuhusika.

Utafiti ulipofungwa, alihamia Mikumi na Imani, akauza chai kando ya barabara kuu. Alimuuliza kila dereva kama amemwona mtu mrefu, mwenye kovu kwenye shavu la kushoto. Mmoja alisema alimwona mpakani Tunduma. Huu ni mwaka wa pili sasa, na Raheli bado anauliza.