Ukuta Wetu na Mama Achieng'

Jumamosi hiyo nilikuwa nikifua nguo uani, Shauri Moyo, nikiilaani sabuni iliyoisha kabla ya soksi. Mama Achieng' akagonga ukuta mara tatu. Katika nyumba zetu zilizoshikana, kugonga mara tatu asubuhi kulikuwa na maana moja: naomba moto. Aliyewasha jiko wa kwanza aliwapa wenzake makaa mawili matatu yaliyoshika, juu ya kifuniko cha sufuria, wasije wakamaliza mafuta ya taa. Nikafungua kimlango cha bati kati ya nyua zetu. Komeo lilikuwa upande wangu.

"Asante, Mama Kioko. Moto yako leo inacheka," akasema.

Alikuwa mjane, akishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Kioko alipozaliwa, ndiye aliyempokea kwa mikono yake, kwa sababu uchungu ulinishika ghafla na hospitali ilikuwa mbali.

Siku iliyofuata matokeo ya kura ya urais yakatangazwa. Kabla ya jioni Jogoo Road ilikuwa imefungwa kwa matairi yanayowaka, na transfoma ya mtaa ikalipuka. Televisheni ikanyamaza, simu zikaisha chaji. Mume wangu Mutuku, mchonga vinyago, hakuweza kufika karakana yake Gikomba.

Sasa niseme jambo ambalo nimeona haya kulisema miaka yote hii. Nilifurahi.

Mutuku alikuwa na desturi ya kula huku ameikodolea televisheni macho. Sasa alikaa dirishani akichonga miko, akawatengenezea Kioko na dadake Mwende pia za kuzungusha. Tulicheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilikaanga njugu kwenye jiko, na harufu yake ikajaa chumba kizima. Miaka minane ya ndoa, na sikuwa nimejua kwamba mume wangu huimba sauti ya pili, tena vizuri. Tulisikia risasi upande wa sokoni, tukavuta pazia, tukaendelea kucheza. Sisi Wakamba hatukuwa tukitafutwa na upande wowote. Mama Achieng', Mjaluo, alikuwa akitafutwa, na mtaa mzima ulijua.

Kila asubuhi aligonga, nami nikampa moto. Siku ya tano makaa yalikuwa yamebaki gorogoro moja. Saa kumi alasiri Mutuku alikuwa akiwafundisha watoto wimbo wa kwaya, nami nakaanga njugu za mwisho.

Ukuta ukagongwa. Mara tatu.

"Jirani huyo," Mutuku akasema.

"Anataka moto. Makaa ni ya kesho."

Lakini nilijua. Hakuna aliyewahi kuomba moto saa kumi.

Ukagongwa tena, kwa kasi.

"Imbeni," nikawaambia watoto. "Imbeni kwa sauti!"

Wakaimba.

Mlango wake wa mbele ukavunjwa. Nikasikia miguu mingi. Cherehani ikaanguka sakafuni.

Mutuku alikuwa ameshafika kwenye komeo. Nikamshika shati. Sikumshika kwa nguvu, angetaka angejitoa.

Walipoondoka tulimkuta amelala kwenye kimlango cha bati, upande wake, kichwa kimepasuliwa. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Akafa siku ya tatu. Ndugu zake walipomsafirisha kwenda kuzikwa, nilisema siwezi kwenda kwa sababu barabara zimefungwa. Zilipofunguliwa pia sikwenda. Watoto tuliwaambia amerudi kwao ushago.

Wachache niliowahi kuwagusia habari hiyo husema ilikuwa woga, na kwamba mtu yeyote angeogopa. Woga ningejisamehe. Woga ulikuja baadaye, mlango ulipovunjwa. Ukuta ulipogongwa mara ya kwanza, nilichohisi ni kuudhika. Nilikuwa na mume wangu, wanangu na njugu zangu, na sikutaka mtu aje kunigawia shida yake.

Siku hizi tunakaa Makongeni, tunapikia gesi. Mutuku hajachonga tena nyumbani, wala hatujawahi kuulizana kwa nini.

Mwezi uliopita stima ilipotea jioni, Kioko akiwa amekuja na mke wake na binti yao. Akawasha mshumaa, akatafuta vizibo, akachora drafti kwenye katoni.

"Mathe, unakumbuka zile siku hatukuwa na stima kule Shauri Moyo?" akaniuliza. "Mimi huambia bibi yangu hizo ndo zilikuwa siku poa zaidi za maisha yangu. Mzee anatuchongea pia, wewe unatukaangia njugu. Na vile ulipenda tukiimba! Si ulituambia tuimbe kwa sauti?"

"Niliwaambia," nikajibu.

Binti yake akadai afundishwe wimbo huo. Kioko akauanza. Mutuku akainuka, akatoka nje bila kutazama mtu.

Mimi nilibaki. Nikamsikiliza mwanangu mpaka ubeti wa mwisho, ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Siku ile walipouimba, nilikuwa nikisikiliza ukuta.